Tuendelee kutuma msaada Congo au tusimame? Jibu kwa mweka hazina wa kikundi cha Dodoma

Swali lililonifikia, kwa ufupi, ni hili. Kikundi cha watu 14 jijini Dodoma, wengi wao walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa soko la Majengo, kimekuwa kikichangishana tangu 2022 na kutuma kati ya shilingi milioni 2 na milioni 3 kila mwezi kwa familia zilizokimbia vita katika eneo la Fizi, jimbo la Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Fedha hupokelewa na mwalimu mmoja wa huko aliyewahi kusoma Dodoma, naye hununua chakula na sabuni na kugawa. Sasa mambo matatu yamewakaba kwa wakati mmoja. Vijana wenye silaha kwenye kizuizi cha barabarani wanadai "mchango" kwa kila mzigo unaopita. Wafadhili wawili waliojitokeza mwaka jana wanataka risiti iliyosainiwa na picha ya kila familia. Na kikundi chenyewe kimegawanyika: wengine wanataka kusimama kabisa, wengine wanataka kuacha kutuma fedha na badala yake kupeleka mahindi ya Kibaigwa kwa lori. Mweka hazina anauliza wafanye nini, maana shilingi milioni 6.4 ziko kwenye akaunti na mwalimu anasubiri.

Ndugu mweka hazina, nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa Kigoma na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwanza karani wa ghala na baadaye mhasibu. Jambo ambalo barua yako imelizunguka bila kulitaja ni kwamba hatari yote ya kikundi chenu imewekwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Ninyi mko 14, mna mwenyekiti, katibu na mihtasari ya vikao. Yeye ana simu na miguu yake. Kizuizi ni yeye anayekipita, risiti ni yeye anayezibeba, na lori la mahindi likifika ufukweni litakuwa shauri lake. Kwa hiyo kila pendekezo linaloletwa kwenye kikao chenu nitalipima kwa kuuliza kama linamwongezea mwalimu mzigo au linampunguzia, na nitalijibu swali la kuendelea au kusimama baada ya hapo.

Nianze na risiti na picha, kwa sababu hapo ndipo nilipowahi kukosea mimi mwenyewe. Katika asasi moja niliyokuwa mhasibu wake nilimpelekea mgawaji wetu vitabu vya risiti vilivyochapwa vizuri, vyenye namba za mfululizo na nakala za kaboni, nikaagiza kila mkuu wa kaya aandikwe jina na kijiji chake kisha aweke dole gumba. Nilijivunia vitabu vile. Siku ya nne mgawaji alisimamishwa kwenye kizuizi, begi likafunguliwa, na kijana mmoja aliyejua hesabu akakaa juu ya jiwe akaanza kujumlisha nakala za pinki moja baada ya nyingine, akilowesha kidole kwa mate kila alipofungua ukurasa. Alipomaliza alikuwa anajua tumegawa kiasi gani, katika vijiji gani, na kwa kina nani. Na vijiji viwili kati ya hivyo vilikuwa vya watu ambao kundi lile liliwahesabu kuwa upande wa adui. Mgawaji alilala mikononi mwao usiku mbili. Aliporudi hakunilaumu. Aliniwekea vitabu mezani akasema, "Chukua, hivi ni vizito."

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tulivyofundishwa, na kwa Dodoma ni kweli tupu. Kwenye barabara ya Fizi daftari ndilo linalotoa habari, tena kwa mtu asiyestahili kuipata. Kwa hiyo kumbukumbu ziwepo, ila zisitembee na mwalimu. Kila familia ipewe namba. Mwalimu asome majina kwa simu, wewe au katibu mwandike hapa Dodoma, kisha yeye abaki na karatasi yenye namba na kiasi tu: namba 17, unga kilo 25, sabuni vipande 4. Karatasi ya namna hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu haimwelezi chochote. Orodha yenye majina ikae mahali pamoja penye kufuli, na wajumbe wanaoweza kuifungua wasizidi wawili. Hili si suala la busara peke yake, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa anayekusanya taarifa za watu hata akiwa mdogo kama ninyi, na tume inayoisimamia iko hapahapa Dodoma. Mnaweza kwenda kuuliza kwa miguu.

Wafadhili waelezwe haya mapema na bila kuomba radhi. Wanachohitaji ni uhakika kwamba fedha zilinunua unga na unga uliliwa, na uhakika huo unapatikana bila uso wa mtoto aliyekonda. Wapeni ankara ya duka la jumla, picha ya mifuko ikiwa imepangwa kando ya mizani, picha ya mikono ikipokea bila sura, na bei ya bidhaa hizohizo siku hiyohiyo kutoka kwa mtu wa pili asiyemfahamu mwalimu. Kisha kila mwezi katibu apige kura ya namba tatu na kuzipigia familia hizo yeye mwenyewe, kama zina simu au jirani mwenye simu, aulize walipata nini, lini, na kama waliombwa chochote ili wapate. Hapa mna bahati ambayo mashirika makubwa huinunua kwa gharama ya wakalimani, kwa kuwa mtazungumza Kiswahili. Kitakuwa Kiswahili cha kwao, chenye "franga" pale ninyi mnaposema hela na chenye maneno ya Kifaransa katikati ya sentensi, kwa hiyo apigaye awe mtu mvumilivu asiyecheka matamshi ya watu. Mfadhili akikataa utaratibu huu na kung'ang'ania nyuso na dole gumba, ushauri wangu ni kumshukuru na kumrudishia fedha zake. Najua inauma kusema hivyo kwa kikundi cha milioni 3 kwa mwezi.

Maadamu tumegusa maneno, kuna moja ninalotaka mlichunge. Hapa kwetu "mzalendo" ni sifa, mtoto hufundishwa shuleni awe hivyo. Mashariki ya Congo, katika miaka ya karibuni, Wazalendo ni jina la makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali dhidi ya waasi wa M23. Mjumbe wenu mwenye nia njema akiandika kwenye ukurasa wa kikundi kwamba mnawaunga mkono wazalendo wa Congo, atakuwa amemchagulia mwalimu upande wa vita bila kumwuliza. Kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada walikubaliana mwaka 1994 zinasema msaada hutolewa kwa kuangalia uhitaji peke yake, na hautumiki kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Zinasomeka kama maneno ya ukutani mpaka siku unapogundua kwamba mtu wa kizuizini naye ana simu na anajua kutafuta jina la kikundi chenu. Ukurasa wenu usiwe na neno lolote kuhusu nani anashinda, na fulana za kikundi zibaki Dodoma.

Sasa kizuizi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina kamati ya vikwazo kuhusu Congo iliyoundwa kwa Azimio 1533 la 2004, na M23 imo katika orodha yake tangu mwisho wa 2012. ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, nayo imo. Kulipatia fedha kundi lililoorodheshwa, hata kwa jina la ushuru wa barabara, ni kosa linaloweza kuwafuata hadi benki mnayotumia hapa. Makundi mengi madogo ya Fizi hayamo katika orodha hiyo, lakini msijenge sera yenu juu ya nani yumo na nani hayumo, kwa sababu kijana mwenye bunduki haonyeshi kitambulisho, na anayeshika kizuizi Jumatatu si lazima awe ndiye anayekishika Ijumaa. Sera iwe moja: fedha za msaada hazilipii silaha.

Hata hivyo nimeona asasi zikiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nzuri na kumwachia mtu wa chini akaitekeleze mbele ya mtutu. Huo ni ukatili uliovaa tai. Mwalimu aambiwe wazi, kwa maneno ya mwenyekiti, kwamba akilazimishwa atoe, atoe kila kinachodaiwa, arudi nyumbani salama, na awaarifu siku hiyohiyo. Ninyi mliandike tukio katika muhtasari kama hasara, kwa jina lake na kiasi chake, na muwaeleze wafadhili. Msiliingize kwenye fungu la usafiri. Kuficha hasara ndani ya nauli ndiko kunakogeuza tukio la bahati mbaya kuwa desturi, kwa sababu mwezi unaofuata nauli "imepanda" na hakuna tena anayeuliza kwa nini. Tukio likitokea mara ya pili kwenye barabara ileile, barabara hiyo ifungwe kwenye vitabu vyenu hadi kikao kiamue vinginevyo.

Njia ya uhakika zaidi ya kupunguza udhalimu wa kizuizi ni kutokuwa na mzigo wa kupitisha. Kwa maelezo yako, mwalimu hununua bidhaa katika mji wa Baraka na kusafirisha hadi vijijini walikohifadhiwa wakimbizi wa ndani. Mwulizeni kama kuna mwenye duka upande wa pili wa kizuizi, hata kama bei yake ni ya juu kidogo. Mfanyabiashara huyo ana njia zake za kuingiza bidhaa, alikuwa nazo kabla yenu na ataendelea kuwa nazo baada yenu. Familia ziende dukani kwake na namba zao, wachukue kilichokubaliwa, naye alipwe kwa simu baada ya kugawa. Mtalipa zaidi kwa kila mfuko. Hiyo ni gharama halali na inaandikika.

Hapo nimeshajibu nusu ya hoja ya mahindi, na nusu nyingine ni ya ghala. Mimi ni mtoto wa Kongwa, soko la Kibaigwa nimelijua kwa miaka mingi, na naelewa kwa nini wajumbe wenu wanaona ni rahisi: mahindi yapo, magunia yapo, na mtu anapenda kutoa kitu anachokiona. Lakini fuateni gunia hilo. Litapita Manyoni, Itigi na Tabora hadi Kigoma, litasubiri kibali cha kusafirisha nafaka nje ya nchi, litasubiri boti Kibirizi au meli bandarini, litavuka ziwa lenye mawimbi likiwa limefunikwa turubai, na litashushwa kwenye ufuko ambako halina mwenyeji isipokuwa mwalimu. Mahindi yakilowa na kukaa hufanya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sisi wa kanda hii hatuhitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Na baada ya safari yote hiyo mtakuwa mmepeleka mahindi kwa watu ambao wengi wao hupika ugali wa muhogo, wana mashine chache za kusaga, na hawana hela ya kusagia.

Hesabu ya chakula, mkitaka kuitumia kwenye kikao, ni nyepesi. Makadirio ya kawaida katika kazi hii ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kwa nafaka peke yake gramu 400 hivi. Familia ya watu 6 inakula kilo 2.4 kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unawapeleka siku 10. Ukiongeza maharage, mawese na chumvi wanapata mlo wenye maana. Kwa hiyo mwulizeni mwalimu kila wiki bei ya vitu vitano katika maduka matatu: unga wa muhogo, maharage, mawese, chumvi na sabuni. Maadamu vitu vipo na bei inapanda polepole, tumeni fedha. Siku maduka mawili kati ya matatu yatakapokuwa matupu, hapo ndipo wazo la kupeleka bidhaa litakuwa na hoja, na hata hapo nitawashauri mnunue Kalemie, mji wa Congo ulio kando ya ziwa, au Kigoma. Wa Kibaigwa wasinichukie.

Kuhusu njia ya fedha nitasema kwa uangalifu, kwa sababu mambo yanabadilika haraka. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Mabenki ya Goma yalifunga milango, na watu waliokuwa na akiba benki wakajikuta wanategemea wakala wa simu ambaye naye hana noti za kuwapa. Desemba 2025 Uvira nayo ikaingiliwa, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Somo kwenu ni kwamba benki ya mji mmoja isiwe ndiyo njia pekee, na kwamba salio kwenye simu bado si fedha mpaka mwalimu apate mtu wa kumpa noti. Kabla ya kutuma, aulize wakala ana kiasi gani leo na anakata kiasi gani, kwa kuwa noti zikiadimika makato hupanda kuliko yale yaliyobandikwa ukutani. Tumeni kidogokidogo, mara tatu kwa mwezi badala ya mara moja, ili siku ya hasara ipotee theluthi. Akilazimika kupokea dola, azikague moja moja mchana, mahali penye mwanga: kule noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, au ya toleo la zamani, hukataliwa sokoni, na nimewahi kumwona mtu akizunguka soko zima na dola 100 ambayo haikuweza kumnunulia hata dagaa.

Mtaambiwa pia, kama bado hamjaambiwa, kuhusu mfanyabiashara mwaminifu anayepokea shilingi hapa na ndugu yake akatoa fedha kule bila benki wala karatasi. Ni njia ya kasi, mara nyingi ni nafuu, na watu wengi wa maziwa makuu wanaishi kwayo. Kwa asasi sikubaliani nayo. Tanzania na Congo ziliwekwa pamoja, Oktoba 2022, katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha haramu na ufadhili wa ugaidi. Sisi tuliondolewa Juni 2025, wenzetu hawakuondolewa nasi. Maana yake kwa meza ya benki ni kwamba fedha zinazokwenda mashariki ya Congo zitaulizwa maswali, na asasi yenye karatasi hujibu kwa nusu saa wakati isiyo na karatasi hufungiwa akaunti. Nendeni kwa meneja kabla hajawaita ninyi. Mpelekeeni barua moja inayoeleza ninyi ni kina nani, mnatuma kiasi gani, kwa nani, na kwa kazi gani.

Barua hiyo itawafikisha kwenye jambo ambalo umeligusa kwa mstari mmoja tu, kwamba mmesajiliwa kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri ya jiji. Cheti hicho kinawatosha kwa kuweka na kukopa. Kwa kukusanya fedha za watu wa nje ya kikundi na kuzituma nje ya nchi, hakiwatoshi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho yake, inasajili asasi kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa na kimataifa, na kila mwaka inadai taarifa ya kazi na ya fedha. Kanuni za 2018 zinaitaka asasi inayopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 kuuwasilisha mkataba wa ufadhili kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Wafadhili wenu wapya wakiwapa fedha za mwaka mzima kwa mkataba mmoja mtavuka kiwango hicho kabla hamjajua. Ofisi ya Msajili iko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na wizara mnaifikia kwa daladala, wakati wenzenu wa mikoani hupanga gesti kwa ajili hiyo. Andikeni barua, mweleze kazi mnayofanya nje ya mipaka, ombeni maelekezo kwa maandishi, na mhifadhi jibu.

Nirudi kwa mwalimu, maana yapo mawili ambayo hukuyauliza. La kwanza ni malipo. Umeandika kwamba "anajitolea", na nimesoma neno hilo mara mbili. Mtu anayejitolea kwa miaka zaidi ya mitatu, akibeba fedha za watu vitani, anastahili posho inayojulikana, iliyoandikwa, na isiyotegemea kiasi kilichogawiwa. Asipolipwa na ninyi, siku moja njaa ya nyumbani kwake itamlazimisha kujilipa, na mtamwita mwizi.

La pili ni siku atakapolazimika kukimbia. Tengeni akiba ambayo ni ya familia yake peke yake, asiyohitaji kikao kuiomba, inayotosha boti na siku kadhaa za chakula. Akivuka ziwa atatua mkoa wa Kigoma, na huko kuna utaratibu wake. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi ajitambulishe na akae katika eneo lililotengwa, na kwa Wakongo eneo hilo kwa miaka mingi limekuwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996. Moyo utawatuma mmchukue mkamweke chumba cha uani Kizota au Chang'ombe. Msifanye hivyo kimyakimya, kwa kuwa mtamharibia hadhi yake na kujiharibia ninyi. Mpelekeni ajiandikishe, kisha mumsaidie kwa njia iliyo wazi.

Kuhusu kusimama, kikao chenu kijacho kiandike mambo yatakayosimamisha kutuma bila mjadala mwingine, na yaandikwe wakati huu ambapo hakuna anayelia kwenye simu. Kwa maoni yangu yatoshe manne: mwalimu akikosekana hewani kwa saa 72, kizuizi kikichukua mzigo au fedha mara ya pili, mapigano yakifika kijiji chochote mnachogawa, na mwalimu mwenyewe akisema basi, bila kudaiwa sababu. Mlioishi siku zile za mwisho wa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa hapa kwetu, mnajua kwamba ukimya unaweza kutoka upande wowote, kwa hiyo mkubaliane naye namba ya pili ya kawaida, ya kupiga bila intaneti, na mtu mmoja Kigoma atakayepokea ujumbe. Kusimama kwa sababu hizo kusimkatie posho. Mtu hufutwa urafiki kwa namna hiyo, na mtakapotaka kurudi hamtampata.

Shilingi milioni 6.4 nazigawa hivi, nanyi mrekebishe. Milioni 1.2 iwe akiba ya kukimbia ya mwalimu, ikae mahali anapoweza kuifikia. Laki 4 ziwe posho yake na salio la simu kwa miezi miwili. Milioni 4.8 zilizobaki ziende kwa mafungu matatu ya milioni 1.6, fungu la kwanza likijaribiwa kwa mwenye duka wa upande wa pili wa kizuizi, na la pili lisitoke kabla katibu hajazipigia familia tatu.

Lakini fungu la kwanza lisitoke kabla ya kumpigia mwalimu mwenyewe. Mpigie wewe, peke yako, saa mbili usiku za Dodoma, ambazo kwake ni saa moja. Usimweke kwenye spika mbele ya wajumbe 13. Mwulize kama bado anataka kuifanya kazi hii na mkewe anasemaje. Watu wa kule wana adabu ya kumpokea mgeni wa mbali, atajibu hakuna shida. Mwache azungumze habari za watoto na za shule, kisha mwulize tena.